Mungu Hanunuliwi: Majibu kwa Hoja za Kijiweni Kuhusu Dhabihu

Kwetu Usambara mjadala wa dhabihu hauhitaji chuo cha theolojia ili uanze. Ikifika Idi ya Kuchinja, Mkristo wa Lushoto anabishiwa hodi na mtoto wa jirani aliyebeba bakuli la nyama lililofunikwa kwa sahani. Ikifika Ijumaa Kuu, jirani huyohuyo anasikia kwaya ya Walutheri ikiimba habari za damu na msalaba. Na katikati ya sikukuu hizo mbili, mahali fulani bondeni, ukoo umekaa kikao kuzungumzia mbuzi wa tambiko, kwa sababu mtoto anaumwa na haponi, na mzee mmoja ameota ndoto. Basi hoja zinazaliwa zenyewe: kwenye soko la Soni, stendi ya Lushoto, ndani ya basi linaloteremka Mombo kwa zile kona ambazo humnyamazisha hata mbishi.

Hoja ninazozijibu hapa zinasemwa na watu wenye akili timamu. Nyingine zinasemwa na Wakristo wenzangu, tena wakiwa mimbarani. Mimi ni Mlutheri. Msomaji alijue hilo mapema, apime maneno yangu kwa mizani anayoitaka.

“Tambiko lilikuwa Agano la Kale letu. Wazungu walibadilisha majina tu.”

Nusu ya hoja hii naikubali bila kubanwa. Wanaofundisha kwamba tambiko lote lilikuwa mchezo wa shetani hawajakaa na wazee wakawasikiliza. Tambiko lilitafuta amani. Ndugu waliokuwa hawasemezani walitakiwa wapatane, mnyama akachinjwa, nyama ikaliwa kwa pamoja, na waliotangulia wakakumbukwa. Fungua Walawi sura ya 3 na ya 7 usome kuhusu sadaka ya amani: mafuta yanateketezwa, kuhani anapata fungu lake, na nyama iliyobaki inaliwa na mtoaji pamoja na watu wake. Msambaa akisoma sura hizo anaelewa upesi kuliko profesa wa Berlin ambaye nyama yake hutoka dukani ikiwa imefungwa.

Lakini ufanano huo unakatikia kwa mfalme. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinasimulia jinsi Mbega, mwindaji kutoka Ngulu, alivyowagawia nyama watu wa milimani, akaamua kesi zao, akaua simba, na mwishowe wakampa nchi. Tangu hapo mtawala wa Vuga, makao makuu ya ufalme huo, akawa ndiye mwenye mvua. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyezungumza na wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, alieleza vizuri namna watu walivyolifikiria jambo hilo: mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani anaiponya nchi, mvua inanyesha, watu wanashiba; lakini watawala wakishindana, nchi inaharibika. Mifugo na vyakula vilipanda Vuga, na mvua ikatarajiwa kushuka kutoka Vuga. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, imani hiyo ilipata mtihani wake. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, kando ya njia ya misafara, akapata bunduki. Vita vya watu wa ukoo mmoja vikafuata, na Wasambaa wengi wakauzwa utumwani. Mwenye kuponya nchi aligeuka kuwa mwenye kuiuza.

Sasa tazama Biblia inavyomtendea mfalme anayetaka kushika kiti na madhabahu kwa pamoja. Uzia wa Yuda aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa mkono wake mwenyewe, akatoka na ukoma. Habari zake ziko 2 Mambo ya Nyakati 26. Ahabu alipoikabidhi nchi kwa Baali, mungu aliyesadikiwa kuwa ndiye mleta mvua, akatokea Eliya, mtu asiye na jeshi, akatangaza ukame, na jumba zima la kifalme halikuwa na la kufanya. Mtawala amenyang’anywa mvua. Anayesema majina tu ndiyo yaliyobadilika, na anieleze Uzia angepata wapi ukoma kule Vuga.

Iko tofauti nyingine, na kwangu hii ndiyo kiini cha mambo yote. Katika matambiko, ya kwetu na ya Wababeli na Wayunani vilevile, mwanzilishi ni mtu. Kuna mkubwa aliyeudhika au aliyesahauliwa, naye hana budi kutulizwa. Katika Walawi 17:11 mambo yamegeuzwa: Mungu anasema damu iliyo juu ya madhabahu ni yeye aliyewapa watu kwa ajili ya upatanisho. Zaburi ya 50 inafika hadi kwenye dhihaka: hata Mungu angeona njaa, asingekuja kukuomba wewe chakula, kwa kuwa wanyama wote wa milimani ni wake. Mtoaji wa kwanza ni Mungu. Anayekwenda madhabahuni anakwenda kupokea.

Ukishika hapo, mpango unaonekana jinsi unavyofunguka polepole. Mwanzoni kila mzee wa jamaa anajenga madhabahu popote alipopiga hema: Nuhu, Ibrahimu, Yakobo. Kisha Kumbukumbu la Torati 12 linaamuru mahali pamoja tu, na mfalme Yosia anabomoa mahali pengine pote. Kisha manabii Amosi, Isaya na Mika wanasema kwamba hata hapo pamoja Mungu amechoshwa na mafahali, ikiwa maskini wanaonewa langoni. Kisha anakuja mtu mmoja, na Yohana Mbatizaji anamwonyesha kwa wanafunzi wake kuwa ndiye mwana-kondoo. Mwaka 70 Warumi wakalibomoa hekalu la Yerusalemu, na tangu hapo Wayahudi wenyewe wanaishi dini yao kwa sala, kwa Torati na kwa matendo ya rehema. Kila hatua kisu kinazidi kutoka mikononi mwa watu. Waraka kwa Waebrania unaongeza jambo dogo ambalo mzee yeyote wa tambiko atalikubali: kama mbuzi wa mwaka jana angetosha, wa mwaka huu angekuwa wa nini?

“Mungu aliyemwambia Ibrahimu amchinje mwanawe ana tofauti gani na mganga anayedai kafara?”

Hoja hii ni nzito, na katika nchi hii haichekeshi. Akifa mtoto katika nyumba yenye gari jipya, mtaa mzima unanong’ona kwamba baba amemtoa kafara. Porojo za namna hiyo huwaumiza wafiwa mara ya pili. Lakini tumeona pia yasiyo porojo: mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, yaliyoshika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000, yaliyofanywa kwa imani kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri. Kwa hiyo anayeuliza swali hili anastahili jibu lisilokwepa.

Mwanzo 22 ni simulizi ya kisu kilichozuiwa. Ibrahimu aliishi miongoni mwa watu ambao miungu yao iliweza kudai mzaliwa wa kwanza. Karne nyingi baadaye bado tunamkuta mfalme wa Moabu, katika 2 Wafalme 3, akimteketeza mrithi wake juu ya ukuta wa mji ili ashinde vita. Katika mazingira hayo, jambo geni la mlima Moria ni kwamba kijana alirudi nyumbani. Na kuanzia mlima ule Biblia inasema kwa sauti moja: Walawi 20 inaweka adhabu ya kifo kwa anayemtoa mtoto wake kwa Moleki, Kumbukumbu 12:31 inaliita jambo hilo chukizo, Yeremia 7:31 inasema halikuingia hata moyoni mwa Mungu. Yeftha, yule mwamuzi aliyeweka nadhiri ya kijinga, hakuna mstari unaomsifu kwa kuitimiza. Wasichana wa Israeli walikuwa wakienda kumwombolezea binti yake kila mwaka, na hapo simulizi inaishia, bila malaika.

Najua ugumu bado upo. Amri ya mwanzo wa sura ile inatisha, na mhubiri anayeipita haraka ili afike kwa kondoo aliyenaswa kichakani hajaisoma vizuri. Siku tatu za safari ya Ibrahimu ziliandikwa ili nasi tuzitembee. Lakini kuuliza ni nini Mungu alichotaka, halafu ukaacha kusoma kabla ya mwisho, ni sawa na kutoa hukumu kabla shahidi wa upande wa pili hajaingia.

Ndugu zetu Waislamu wanaisimulia habari hiyo katika Surat As-Saffat, na kwao kijana anayesemwa na wengi ni Ismaili. Tumebishana kuhusu jina la kijana kwa karne nyingi, tukasahau kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuhusu kisu. Tena Surat Al-Hajj, aya ya 37, inafundisha kwamba nyama na damu za wanyama hao hazimfikii Mwenyezi Mungu. Kinachomfikia ni ucha Mungu wa mtoaji. Bakuli linaloletwa mlangoni siku ya Idi linasema hivyohivyo.

Tofauti na mganga? Mganga anadai uhai wa mwingine ili wewe upate gari. Katika Injili, aliyejitoa ni yule mwenye kila kitu, kwa ajili ya wasio na kitu.

“Kama Mungu ni upendo, angesamehe tu. Baba kumwua mwanawe ni ukatili.”

Ingekuwa hivyo, ningetoka kanisani kesho. Kosa limo katika picha: hakimu mwenye hasira huku, mtoto asiye na hatia kule, na wawili hao wametengana. Ukristo haujawahi kufundisha hivyo pale ulipofundisha vizuri. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 5 kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu, na Yesu katika Yohana 10 anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Anayelipa na anayedai ni mmoja.

Na kuhusu “kusamehe tu”, muulize mkulima wa Lukozi. Amempa mchuuzi kabichi za lori zima kwa mali kauli, na mchuuzi hakurudi. Mkulima akisamehe, deni halipotei hewani. Amelibeba yeye, na msimu huo mbolea atakopa. Hakuna msamaha ambao haumgharimu mtu fulani.

Nikiri kwamba baadhi ya mahubiri yetu yamewapa wapinzani silaha. Mwishoni mwa karne ya 11, Anselm wa Canterbury aliueleza msalaba kwa lugha ya heshima ya bwana mkubwa iliyovunjwa na kulipwa fidia, lugha iliyoeleweka katika Ulaya ya watwana na mabwana. Wamisionari walituletea picha hiyo kana kwamba ndiyo pekee. Lakini karne saba kabla ya Anselm, Athanasio wa Aleksandria, Mwafrika wa Misri, aliandika kuhusu Neno aliyetwaa mwili ili akutane na kifo ana kwa ana na kukishinda. Watu waliowazika watoto wao kwa ndui na njaa, kama babu zetu, wangeielewa hii ya pili bila kufafanuliwa. Ni ajabu kwamba ya Mwafrika ndiyo iliyochelewa kupanda mlima.

“Dini hii ililetwa na Wajerumani mwaka 1891. Kama Mungu alikuwa na mpango, alikuwa wapi kabla ya hapo?”

Tarehe kwanza. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga na kuonana na Kimweri mwaka 1848, akarudi tena 1852. Wakati huo Ujerumani yenyewe haikuwa nchi moja. Waanglikana wa misioni iliyotoka Zanzibar walikuwa Magila, chini ya milima ya mashariki, kabla ya bendera ya Kaiser. Ni kweli kwamba wamisionari Wajerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891, wakati utawala wa Wajerumani ulikuwa umeshaanza. Na ni kweli, wala haifai kufichwa, kwamba misioni na utawala vilikua bega kwa bega. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na katika miaka hiyohiyo kituo cha misioni kikafunguliwa palepale Vuga. Msambaa aliyeona mambo hayo mawili yakifuatana hakuwa mjinga alipoyaunganisha.

Lakini kutoka kwenye ukweli huo huwezi kufika kwenye hitimisho la hoja. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Usambara, na baadaye wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kama Kanisa lingekuwa mzigo wao, lingepakiwa pamoja nao. Walimu na wainjilisti Wasambaa ndio walioendelea kufundisha, kubatiza watu wazima na kuzika wafu, bila mshahara wa kueleweka. Wajerumani walirudi, wakaondolewa tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mambo yakaenda vilevile. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, watu wa milima hii waliingia kama wenye nyumba. Makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yako Lushoto, na mmoja wa maaskofu wake, Sebastian Kolowa, alikuwa pia Mkuu wa KKKT nzima. Chuo cha Magamba kikaitwa kwa jina lake. Jina la Wilhelm liko wapi?

Sasa swali lenyewe: Mungu alikuwa wapi? Biblia ina mtu mmoja wa ajabu ambaye wamisionari hawakumhubiri vya kutosha. Ibrahimu akitoka vitani, katika Mwanzo 14, anakutana na Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu Aliye Juu. Hana agano, hana Torati, hana ukoo unaotajwa, wala hakufundishwa na Ibrahimu. Bado ndiye anayembariki Ibrahimu, na Ibrahimu ndiye anayetoa fungu la kumi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unakwenda mbali zaidi: ukuhani wa Kristo unafuata mfano wa Melkizedeki, mtu wa nje, wala haufuati wa Haruni. Kwa hiyo aliyeufungua mpango huu kwa Ibrahimu alikuwa tayari ameshafika Salemu kabla ya Ibrahimu. Sioni kwa nini asingefika Vuga kabla ya Krapf. Paulo anawaambia watu wa Listra, katika Matendo 14, kwamba Mungu hakujiacha bila shahidi kwa mataifa. Aliwapa mvua na majira ya mavuno. Mvua! Watu wa Listra na watu wa Mlalo wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Simaanishi kwamba kila kilichofanyika kabla ya 1891 kilikuwa Injili iliyovaa nguo nyingine. Biashara ya watumwa ilifanyika pia kabla ya 1891. Nasema tu kwamba Mungu hakusubiri meli.

“Wakatoliki wanamsulubisha Kristo upya kila Jumapili.”

Hii ni ya upande wetu, Walutheri na hasa Wapentekoste, na inastahili jibu fupi. Mtaguso wa Trento wenyewe, mwaka 1562, ulifundisha kwamba dhabihu ya Misa ni ileile moja ya msalabani, inayotolewa bila kumwaga damu. Luther alikuwa na malalamiko ya haki mwaka 1520, wakati Misa ziliuzwa na kununuliwa kwa ajili ya wafu. Lakini anayesimama leo na kusema Mkatoliki wa Gare anampigilia Yesu misumari kila asubuhi anapigana na mtu aliyemtengeneza mwenyewe. Walutheri na Wakatoliki waliweka sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Tofauti zimebaki, na ni za kweli. Hii haimo.

“Yesu alishamaliza. Mkristo hana tena la kutoa.”

Wanaosema hivi huwa wametoka kutukanwa na wanaosema kinyume chake, nami nawahurumia. Wameelewa vizuri kwamba hakuna cha kuongeza kwenye msalaba. Walichokosea ni kudhani kwamba kutoa kuna kazi moja tu, ya kumtuliza Mungu. Warumi 12 inaanza kwa kuomba miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, na Waebrania 13:16 inazitaja dhabihu zilizobaki: kutenda mema na kushirikiana. Ukiondoa hofu, mikono inabaki huru kufanya kazi.

Mfano uko mlimani Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari Wajerumani walifungua pale makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, matunda machungu ya vita na misafara niliyoitaja juu. Watoto walipopungua, nyumba zikaanza kupokea wagonjwa wa akili, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo katika Afrika Mashariki mtu wa namna hiyo alifungwa kamba au aliachwa atangetange. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili hadi leo. Hakuna aliyefuta dhambi zake kwa kumwogesha mgonjwa Lutindi. Ukienda Irente utakuta shule ya watoto wasioona na nyumba ya kulelea watoto wachanga waliofiwa na mama. Huko nako anayeamka usiku kumpa mtoto maziwa hafanyi malipo ya kitu chochote.

“Panda mbegu. Toa sadaka inayokuuma, Mungu afungue milango.”

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo inayokula watu leo. Haitoki kwa wapinzani wa Ukristo. Inatoka redioni, kwenye simu, na kwenye mikutano ya hema. Na sikio la Msambaa linaipokea upesi, kwa sababu ni ile habari ya kale ya Vuga: peleka ng’ombe juu, mvua itashuka. Tofauti ni kwamba mfalme wa Vuga angalau aliweza kulaumiwa mvua isiponyesha. Mhubiri wa leo anasema imani yako ilikuwa ndogo.

Wanasoma Malaki 3:10. Basi tuisome na sisi. Ghala linalotajwa pale ni ghala la chakula, na Nehemia 13 inaeleza kilichokuwa kimetokea: Walawi walikuwa wamerudi mashambani kwa sababu mafungu yao hayakuletwa. Fungu la kumi lilikuwa na kazi gani? Kumbukumbu la Torati 14 inasema, na ningependa sura hii ibandikwe kwenye kila mlango wa kanisa. Kwa kawaida mtoaji alikwenda nalo mahali patakatifu na kulila huko na jamaa yake, wakifurahi, bila kumsahau Mlawi. Safari ikiwa ndefu, aliliuza, akanunua kule lolote ambalo nafsi yake ilitamani. Na kila mwaka wa tatu liliwekwa mjini, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula na kushiba. Mjane alikuwa mlaji wa fungu la kumi.

Kisha wanamleta mjane mwingine, yule wa senti mbili katika Marko 12, kama kielelezo cha kutoa mpaka mwisho. Lakini mstari unaotangulia, wa 40, Yesu analaani waandishi wanaokula nyumba za wajane kwa kisingizio cha sala ndefu. Na mara baada ya mjane kuweka senti zake, sura ya 13 inaanza kwa Yesu kutangaza kwamba hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Nani angesoma mistari hiyo mfululizo akaona Yesu anashangilia kumwona mwanamke maskini akibaki bila chakula cha jioni?

Tena Torati ilishusha bei. Walawi 5 inasema asiyeweza kondoo alete njiwa wawili. Asiyeweza njiwa alete unga kidogo tu, wala damu haihitajiki. Mariamu na Yosefu walileta ndege wawili, sadaka ya maskini, kama Luka 2 inavyoonyesha. Mungu anashusha bei kadiri mtu anavyozidi kuwa maskini. Anayeipandisha kadiri mtu anavyozidi kukata tamaa, huyo amejifunza kwingine.

Nasi tuliozeeka kwenye madhehebu makongwe tusijisafishe haraka. Kuna usharika, sitautaja, ambako jamaa wa marehemu waliulizwa kwanza bahasha zake za ahadi kabla ya mchungaji kuja kuzika. Huo nao ni uganga uliovaa kola.

Namna iliyo bora ninaiona karibu kila Jumapili kwenye sharika zetu za milimani, baada ya ibada. Watu wametoka nje, mzee wa kanisa amesimama kwenye ngazi, na chini yake zimepangwa sadaka za mashambani: kabichi, karoti, ndoo ya mapeasi, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu kwa gome la mgomba. Mnada unaanza. Jogoo anapanda bei kwa utani, kwa kuwa mwalimu mkuu na fundi cherehani wanashindana na kila mmoja anajua mwenzake hana hela. Anayeshinda anamlipia, kisha anatamka kwamba jogoo aende kwa bibi fulani aliyekaa kwenye benchi, asiye na mtu. Bibi anacheka, anamkumbatia jogoo. Pale hakuna aliyeahidiwa gari wala visa. Hela inatengeneza bati za nyumba ya mwinjilisti, na jogoo ameshapata kwake.

Kwa hiyo wewe mwenye namba ya kutuma pesa mkononi, uliyeambiwa utume leo kabla ya saa sita usiku ili mlango usifungwe: usitume kwanza. Mpigie mhubiri wako, mwombe asome Kumbukumbu la Torati 14:28 na 29 mbele ya watu wake wote, halafu awatajie ni mjane gani, yatima gani na mgeni gani alishiba kwa sadaka ya mwezi uliopita. Akitaja, tuma kwa moyo mweupe. Asipotaja, hela hiyo mpe jirani yako.